Viuavijasumu vya mwanzo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu salfa, penisilini na streptomaisini

Habari za penisilini wengi tulizipata darasani kwa sentensi mbili: Fleming alisahau sahani, ukungu ukaota, dunia ikapona. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudi kila mtu anapotaka kujua yaliyojificha kati ya sentensi hizo mbili. Yameanza na ya msingi na kuishia na yale ya pembeni. Jibu likiwa limekwisha kutolewa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Kiuavijasumu ni nini hasa?

Ni dawa inayoua bakteria au kuwazuia wasizaane, bila kumdhuru mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Hicho kipande cha mwisho ndicho kilichowatoa watafiti jasho. Kuua bakteria juu ya meza hakuhitaji elimu kubwa. Maji yanayochemka yanatosha. Kazi ni kumuua bakteria aliyejificha ndani ya pafu la mtu, huku pafu likibaki zima.

Wanasayansi wakitaka kuwa wakali, jina hili huliacha kwa kemikali zinazotengenezwa na viumbe wadogo wenyewe, kama ukungu na bakteria wa udongoni. Kwa kipimo hicho penisilini imo, lakini salfa, iliyobuniwa na wakemia, haimo. Hapa tunazijumuisha zote, kwa sababu historia yake ni moja na wagonjwa waliozimeza hawakuuliza asili yake.

Kwa nini hazitibu mafua?

Mafua husababishwa na virusi. Penisilini huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli yake, naye anapojaribu kukua, ukuta dhaifu hupasuka akafa. Kirusi hakina ukuta huo. Seli za binadamu nazo hazina, na ndiyo maana dawa hii inaweza kumiminwa mwilini kwa wingi bila kumuua mgonjwa.

Kabla ya dawa hizi watu walikuwa wakifa kwa nini?

Kwa mambo ambayo leo hayampi mtu hata ruhusa ya kukosa kazi. Mkwaruzo uliotunga usaha, jino bovu, jipu, kidonda cha koo. Wanawake walijifungua salama, kisha siku chache baadaye wakachukuliwa na homa ya uzazi. Nimonia ilimaliza wazee na vijana, na homa ya uti wa mgongo ya bakteria ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Hospitali nzuri za Ulaya za mwaka 1930 zilikuwa na vitanda safi, wauguzi hodari na madaktari waliojua jina la kila bakteria. Cha kumpa mgonjwa ndicho kilichokuwa haba.

Je, penisilini ndiyo ya kwanza?

Hapana. Salvarsan ilitangulia mwaka 1910, ikafuata salfa mwaka 1935. Penisilini ilionekana maabara mwaka 1928, lakini haikuwa dawa ya kumpa mgonjwa wa homa kali hadi mwaka 1941. Ukipanga kwa tarehe ya kuonekana utapata orodha moja, ukipanga kwa tarehe ya kuponya utapata nyingine, na hapo ndipo vitabu vingi vya shule hujichanganya.

## Kabla ya penisilini

Salvarsan ilikuwa nini, na ina uhusiano gani na Afrika Mashariki?

Ilikuwa dawa ya kaswende yenye arseniki ndani yake. Iliibuka katika maabara ya Paul Ehrlich mjini Frankfurt. Ehrlich alishangazwa na rangi za kupakia vioo vya hadubini: baadhi hushika bakteria na kuacha nyama iliyo kando yake. Akawaza kwamba kama rangi inaweza kuchagua, sumu nayo inaweza. Mjapani Sahachiro Hata, aliyefanya kazi naye, alijaribu kemikali nyingi kwa sungura wenye kaswende, na mwaka 1909 ile yenye namba 606 ikafanya kazi. Mwaka uliofuata iliingia sokoni.

Uhusiano na kwetu upo, na hauna mengi ya kujivunia. Kemikali mama iliyowapa wakemia hao pa kuanzia iliitwa atoksili, nayo pia ina arseniki. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, yule yule wa kifua kikuu, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria upande wa Uganda, wakati malale yalipokuwa yakifuta vijiji kando ya ziwa. Aliwadunga wagonjwa atoksili. Vimelea vilipungua kwenye damu, kisha vikarudi. Alipoongeza dozi, baadhi ya wagonjwa walipofuka na hawakuona tena. Historia ya dawa za kisasa huandikwa kama mfululizo wa ushindi wa Ulaya, lakini sehemu ya bei yake ililipwa Ssese.

Baadaye, miaka ya 1920, ndugu wa Salvarsan na madini ya bismathi vilitumika Kenya na Tanganyika kutibu buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa unaoletwa na bakteria wa ukoo mmoja na yule wa kaswende. Vidonda vilikauka kwa siku chache mbele ya macho ya kila mtu. Watu walimiminika zahanati na vituo vya misheni kutafuta sindano. Imani kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge, ambayo mhudumu yeyote wa zahanati anaijua hadi leo, ina mizizi yake katika miaka hiyo.

Salfa ilitoka wapi?

Kwenye rangi za nguo. Kampuni ya Bayer huko Elberfeld, Ujerumani, ilikuwa na wakemia wawili, Josef Klarer na Fritz Mietzsch, waliotengeneza rangi mpya mfululizo, na daktari mmoja, Gerhard Domagk, aliyezijaribu kwa panya waliotiwa bakteria wa streptokoki. Mwishoni mwa 1932 rangi moja nyekundu iliwaokoa panya. Ikaitwa Prontosil, na matokeo yakachapishwa Februari 1935. Mwishoni mwa mwaka huo binti mdogo wa Domagk alichomwa na sindano mkononi, usaha ukapanda, madaktari wakataka kuukata mkono. Baba yake alimpa Prontosil. Mkono ulibaki.

Jambo la ajabu ni kwamba Prontosil haikuua bakteria ndani ya chupa ya maabara. Ilifanya kazi mwilini tu. Watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walipata sababu mwaka huo huo wa 1935: mwili huivunja rangi vipande viwili, na kipande kinachotibu, salfanilamidi, hakina rangi yoyote. Kemikali hiyo ilikuwa imetengenezwa tangu 1908 na hati yake miliki ilikuwa imekwisha muda. Kila kiwanda duniani kilikuwa huru kuipika, na vingi vilifanya hivyo.

Ni kweli Domagk alikatazwa kupokea Tuzo ya Nobel?

Ni kweli. Alitunukiwa mwaka 1939. Serikali ya Hitler ilikuwa imepiga marufuku Wajerumani kupokea tuzo hiyo, na Domagk alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa serikali hiyo, kisha akatia saini barua ya kuikataa. Alipewa medali mwaka 1947. Fedha hakupata, muda wake ulikuwa umepita.

Nimesikia salfa iliua watu Marekani. Ilikuwaje?

Salfa yenyewe haikuwa na hatia. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani ilitaka kuuza salfanilamidi ya maji kwa ajili ya watoto. Dawa hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo mkemia wao aliiyeyusha kwenye daiethilini glikoli, kimiminika kitamu kinachoua figo. Walipima ladha, rangi na harufu. Usalama hawakuupima, na sheria ya wakati ule haikuwalazimisha. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi, na mwaka 1938 Marekani ikapitisha sheria inayotaka dawa ithibitishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa.

Kemikali hiyo hiyo na jamaa yake zilikutwa mwaka 2022 katika dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya karibu watoto 70 nchini Gambia. Miaka 85 baadaye.

## Penisilini

Ni kweli iligunduliwa kwa bahati?

Kuonekana kwake, ndiyo. Alexander Fleming wa hospitali ya St Mary's, London, alirudi kutoka likizo tarehe 3 Septemba 1928 akakuta sahani zake za bakteria wa stafilokoki bado ziko mezani. Moja ilikuwa imeota ukungu, na kuzunguka ukungu huo bakteria walikuwa wameyeyuka. Bahati ilikuwa ya ngazi nyingi: ukungu wa aina adimu, siku za baridi zilizouacha uote kwanza, kisha joto lililowaleta bakteria.

Lakini sahani zenye ukungu zilikuwa zikitupwa kila siku katika maabara zote za Ulaya. Fleming alitazama mara mbili kwa sababu miaka michache nyuma alikuwa amegundua lisozaimu, kitu kilichomo kwenye machozi na makamasi ambacho nacho huyeyusha bakteria. Jicho lake lilikuwa limekwisha kuzoea kutafuta duara tupu lile.

Kama iligunduliwa 1928, kwa nini ilichukua miaka zaidi ya kumi kuwa dawa?

Kwa sababu Fleming hakuwa na dawa mkononi. Alikuwa na maji ya manjano ya ukungu yenye chembe kidogo mno ya dawa ndani yake, na chembe hiyo iliharibika kila ilipoguswa. Joto liliiua, asidi iliiua. Wasaidizi wake wawili, Craddock na Ridley, walijaribu kuisafisha wakakwama. Fleming mwenyewe hakuwa mkemia. Alichapisha makala mwaka 1929, akaitumia zaidi kutenganisha bakteria wa maabara, akaendelea na mengine. Ukungu wenyewe aliutunza na kumgawia yeyote aliyeomba, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosifiwa.

Mwaka 1930 daktari kijana wa Sheffield, Cecil Paine, alitumia maji hayo hayo kuwaponya watoto wachanga waliokuwa na usaha machoni. Hakuchapisha. Hao ndio wagonjwa wa kwanza tunaowajua kupona kwa penisilini, na karibu hakuna shairi wala sanamu inayowataja.

Nani basi aliigeuza kuwa dawa?

Kundi la Oxford. Kiongozi alikuwa Howard Florey, mzaliwa wa Australia. Mkemia wake Ernst Chain, Myahudi aliyekimbia Ujerumani. Na Norman Heatley, ambaye kwa maoni yangu ndiye shujaa wa habari hii yote. Chain aliikuta makala ya Fleming alipokuwa akisoma maandiko ya zamani. Heatley ndiye aliyepata njia ya kuitoa dawa kwenye maji ya ukungu bila kuiua: ihamishe haraka, ikiwa baridi, kutoka majini kwenda kwenye etha, kisha irudishe kwenye maji yasiyo na asidi. Leo inasikika rahisi. Waliojaribu kabla yake walishindwa.

Tarehe 25 Mei 1940, siku moja kabla ya Waingereza kuanza kuokoa jeshi lao Dunkirk, walichoma panya wanane bakteria wa kuua. Wanne walipewa penisilini. Heatley alikesha maabara. Kabla ya mapambazuko wale wanne wasiopewa walikuwa wamekufa wote, na waliopewa walikuwa hai.

Florey alikumbusha jambo moja la kutia baridi: mtu ni mkubwa kuliko panya mara 3,000. Basi chuo kikageuzwa kiwanda. Ukungu ulioteshwa kwenye vyombo vya choo vya wagonjwa, madebe ya biskuti, ndoo za maziwa. Baadaye Heatley alichora chombo cha udongo kikafinyangwa Burslem kwa mamia. Wasichana sita waliajiriwa kuutunza ukungu. Uvamizi wa Wajerumani ulipohofiwa, watafiti walisugua mbegu za ukungu kwenye bitana za makoti yao, ili yeyote atakayetoroka atoroke nazo.

Mgonjwa wa kwanza wa Oxford alipona?

Hapana. Albert Alexander, polisi wa umri wa miaka 43, alikuwa na majipu usoni, kichwani na mapafuni, na jicho moja lilikuwa limekwisha kutolewa. Alianza kudungwa tarehe 12 Februari 1941. Siku ya pili homa ikashuka, akala chakula. Dawa yote ya dunia ilikuwa kile kichupa. Walikusanya mkojo wake, wakaupeleka maabara kwa baiskeli, wakachuja penisilini iliyotoka mwilini na kumdunga tena. Siku tano, dawa ikaisha. Alikufa tarehe 15 Machi.

Husemwa kwamba alikwaruzwa na mwiba wa waridi. Uchunguzi wa baadaye unaelekeza zaidi kwenye jeraha la mabomu ya Wajerumani. Baada yake Florey aliamua kuwatibu watoto kwanza, maana mwili mdogo huhitaji dawa kidogo.

Kwa nini kazi ilihamia Marekani?

Viwanda vya Uingereza vilikuwa vikitengeneza silaha huku vikipigwa mabomu. Katikati ya 1941 Florey na Heatley waliruka hadi Marekani na ukungu wao, wakafikishwa Peoria, Illinois, kwenye maabara ya wizara ya kilimo iliyokuwa ikitafuta matumizi ya mabaki ya mahindi. Walikuwa na lita kwa lita za maji mazito yanayobaki mahindi yanapolowekwa kutoa wanga. Ukungu ulipolishwa maji hayo, mavuno yaliongezeka mara kadhaa.

Kampuni ya Pfizer iliyokuwa na uzoefu wa kuchachusha asidi ya sitriki iliacha sahani na kuuotesha ukungu ndani ya matangi makubwa yanayopulizwa hewa. Ilinunua kiwanda cha barafu huko Brooklyn, na Machi 1944 matangi 14, kila moja lenye karibu lita 28,000, yakaanza kazi. Hesabu ya bei inaeleza mengine: dozi iliyouzwa dola 20 mwaka 1943 ilikuwa chini ya dola 1 mwaka 1946.

Habari ya tikiti bovu ni ya kweli?

Ndiyo. Ukungu wa Fleming haukupenda matangi. Watafiti wa Peoria waliomba sampuli kutoka kila pembe, hata marubani wa jeshi waliwaletea udongo wa nchi za mbali, lakini mshindi wa mwaka 1943 alitoka sokoni pale pale mjini: tikiti la manjano lililooza. Maabara nyingine ziliupiga ukungu huo eksirei na miale mikali ili ubadilike na kuzaa zaidi. Kwa muda mrefu baadaye penisilini ya viwandani ilitoka kwa vizazi vya tikiti hilo.

Ilisaidia vipi kwenye Vita ya Pili ya Dunia?

Washirika walipotua Normandi tarehe 6 Juni 1944 walikuwa na akiba ya dozi zaidi ya milioni 2. Majeraha ambayo katika vita ya kwanza yaliishia kwa kukatwa mguu yalipona. Ilitibu pia kisonono, jambo ambalo makamanda walilithamini sana na kulitangaza kidogo. Raia wa Marekani waliruhusiwa kuinunua kwa kawaida Machi 1945, na Uingereza mwezi Juni 1946.

Kwa nini sifa zote alipewa Fleming?

Agosti 1942 Fleming alimtibu rafiki wa familia kwa penisilini aliyopewa na Florey. Magazeti yalipouliza, mkubwa wake wa St Mary's aliandika barua akimtaja Fleming. Florey aliwakataza watu wake kuzungumza na waandishi, akihofia kuamsha matumaini ya familia ambazo hazingepata dawa. Waandishi walikwenda kwenye mlango uliokuwa wazi.

Tuzo ya Nobel ya 1945 waligawana Fleming, Florey na Chain. Heatley aliachwa. Oxford ilimpa shahada ya heshima ya udaktari wa tiba mwaka 1990, akiwa mtu wa kwanza asiye daktari kuipata.

Hati miliki nayo ina kisa chake. Chain alitaka Uingereza ijiwekee haki. Wakubwa wa utafiti walimwambia ni aibu kwa sayansi ya tiba. Wamarekani walioboresha njia za kuotesha walijiandikishia, na baada ya vita Waingereza wakajikuta wanalipia.

## Streptomaisini na kifua kikuu

Kwa nini penisilini haikutibu kifua kikuu?

Bakteria wa kifua kikuu ana ganda la mafuta mazito, hukua polepole, na ana kimeng'enya cha kuivunja penisilini. Ilibidi watafute kwingine, wakatafuta ardhini.

Nani aligundua streptomaisini, Waksman au Schatz?

Aliyekuwa mezani tarehe 19 Oktoba 1943 ni Albert Schatz, mwanafunzi wa miaka 23 katika Chuo cha Rutgers, New Jersey. Alifanya kazi chumba cha chini ya ardhi kwa sababu profesa wake, Selman Waksman, hakutaka bakteria wa kifua kikuu karibu naye. Bakteria waliotoa dawa walipatikana kwenye udongo wenye samadi na kooni mwa kuku. Waksman, mzaliwa wa Ukraine, ndiye aliyejenga mbinu nzima ya kuwasaka viumbe wa udongo wanaoua wenzao.

Makala ya 1944 ilimtaja Schatz kwanza, kisha Elizabeth Bugie, kisha Waksman. Schatz alikabidhi haki zake kwa dola 1, akaja kugundua kwamba profesa wake alikuwa akipata gawio. Alishtaki mwaka 1950. Walisuluhishana: Schatz asilimia 3, Waksman 10, na fungu jingine kwa wafanyakazi wa maabara, hata waliokuwa wakiosha vyombo. Tuzo ya Nobel ya 1952 alipewa Waksman peke yake. Ni uamuzi ninaoona vigumu kuutetea.

Jaribio la Uingereza la 1948 lina umuhimu gani?

Uingereza baada ya vita haikuwa na dola za kununua streptomaisini ya kutosha wagonjwa wote. Mtakwimu Austin Bradford Hill alitumia uhaba huo: kama haitoshi, basi kura iamue, si daktari. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa bahasha zilizofungwa. 55 walipata dawa na kitanda, 52 kitanda tu. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili. Majaribio ya dawa ya leo, zikiwemo chanjo, yanafuata ramani hiyo.

Habari mbaya ilikuja baadaye. Baada ya miaka 5 waliokufa walikuwa 32 upande mmoja na 35 upande wa pili. Bakteria walikuwa wamezoea dawa ndani ya miili ya wagonjwa. Ndipo ikajulikana kwamba kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja. Dawa ya PAS iliyogunduliwa na Jörgen Lehmann wa Sweden iliongezwa, kisha isoniazidi mwaka 1952.

Afrika Mashariki iliingia wapi?

Iliingia katikati kabisa. PAS ilikuwa ghali, ikimezwa kwa magramu mengi yenye ladha mbaya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Afrika Mashariki na wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walijaribu badala yake thiasetazoni, kidonge cha bei ndogo ambacho asili yake ni maabara ya Domagk yule yule wa salfa. Ikichanganywa na isoniazidi ilifanya kazi, na ikawa tiba ya nchi maskini kwa miongo kadhaa. Iliachwa baada ya Ukimwi kuingia, kwa kuwa wagonjwa wenye VVU walibabuka ngozi vibaya, wengine wakafa.

Mwaka 1972 majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yalionyesha kwamba tiba ya mwaka mmoja na nusu inaweza kufupishwa hadi miezi 6 ikiwemo dawa ya rifampisini. Mgonjwa anayemeza dawa leo Mumbai au Lima kwa miezi 6 anafuata njia iliyopimwa kwa wagonjwa wetu. Wazee waliolazwa Kibong'oto, Kilimanjaro, ambako wagonjwa wa kifua kikuu wamehudumiwa tangu 1926, wanazikumbuka zaidi sindano za streptomaisini za kila siku na masikio yaliyovuma, maana dawa hiyo huumiza neva za usikivu.

## Dawa nyingine za miaka ile

Zilizofuata zilipatikana wapi?

Udongoni, karibu zote. Kampuni ziliwapa wasafiri, wamisionari na mawakala vifuko vya kukusanyia. Kloramfenikoli, iliyotibu homa ya matumbo, ilitoka kwenye udongo wa Caracas mwaka 1947. Klorotetrasaikilini, ya kwanza katika ukoo wa tetrasaikilini, ilitoka Missouri ikatangazwa 1948. Erithromaisini ilitoka Iloilo, Ufilipino. Sefalosporini ni tofauti kidogo: Giuseppe Brotzu aliupata ukungu wake mwaka 1945 kwenye maji taka ya Cagliari, Sardinia, baada ya kujiuliza kwa nini vijana wanaoogelea pale hawaugui homa ya matumbo.

Zipi kati ya hizi za zamani bado zinatumika?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani. Penisilini ya sindano bado ndiyo tiba ya kaswende, hasa kwa mama mjamzito. Salfa imo ndani ya Septrin, na imo ndani ya SP wanayopewa wajawazito kliniki ili kuzuia malaria. Streptomaisini imetibu tauni, ikiwemo ile iliyosumbua wilaya ya Lushoto kuanzia 1980. Buba ilipigwa na kampeni ya WHO na UNICEF kati ya 1952 na 1964 kwa sindano moja moja ya penisilini. Wagonjwa walikadiriwa kupungua kutoka milioni 50 hadi milioni 2.5.

## Maswali ya pembeni

Ni kweli Fleming alimwokoa Churchill kwa penisilini?

Si kweli, wala kile kisa cha baba yake Fleming kumtoa Churchill mdogo kwenye tope si kweli. Churchill aliugua nimonia Tunisia mwezi Desemba 1943, akatibiwa kwa salfa.

Kuna waliotangulia Fleming?

Wapo. Ernest Duchesne, mwanafunzi wa udaktari wa jeshi huko Lyon, aliandika tasnifu mwaka 1897 kuhusu ukungu unaoshinda bakteria katika wanyama. Hakusikilizwa, na mwaka 1912 akafa kwa kifua kikuu. Mbali zaidi, mifupa ya Wanubi wa Sudan walioishi kati ya mwaka 350 na 550 baada ya Kristo imekutwa na tetrasaikilini ndani yake. Maelezo yanayokubalika ni kwamba waliinywa kwenye pombe ya nafaka iliyoingiwa na bakteria wa udongo.

Usugu wa dawa ulianza lini?

Kabla dawa haijafika kwa mgonjwa wa kwanza wa Oxford. Desemba 1940 Chain na Edward Abraham walichapisha habari ya kimeng'enya cha bakteria kinachovunja penisilini. Katika hospitali ya Hammersmith, London, Mary Barber alipima stafilokoki za wagonjwa: sugu zilikuwa asilimia 14 mwaka 1946, asilimia 59 mwaka 1948. Miaka miwili tu. Fleming naye, katika hotuba yake ya Nobel ya Desemba 1945, alionya juu ya mtu atakayenunua dawa dukani na kumeza dozi pungufu. Anayeuza vidonge vya rangi mbili viwili viwili kwa jirani anayekohoa angeitambua picha hiyo mara moja.

Naweza kutumia ukungu wa mkate kwenye kidonda?

Usijaribu. Aina za ukungu ni nyingi, baadhi hutoa sumu, na hata ule unaotoa penisilini hutoa kidogo mno, pamoja na uchafu mwingine. Kundi la Oxford lilihitaji maelfu ya lita za maji ya ukungu kwa wagonjwa wachache tu. Kidonda kinachotoa usaha kipeleke zahanati.

Ukungu wa Fleming bado upo?

Upo, umegandishwa katika hazina ya kuvu nchini Uingereza. Mwaka 2020 watafiti waliuotesha upya na kusoma vinasaba vyake, wakailinganisha na aina za viwandani za Marekani. Walikuta kwamba vinasaba vinavyotengeneza vimeng'enya vya penisilini vinatofautiana kidogo kati ya pande hizo mbili, na zile za viwandani zina nakala zaidi za vinasaba vinavyoamuru uzalishaji.